Muvi Mbaya au Nakala Mbaya?

Hukumu ya muvi haichukui muda mjini Mtwara. Sizoni ikitoka Ijumaa, Jumapili jioni vijiwe vya Magomeni na Chikongola vimeshafunga kesi: kali, ya kawaida, au "giza tupu, hamna kitu". Hiyo ya tatu ndiyo ninayotaka kuipinga, kwa sababu wengi wanaoitoa hawajaiona muvi yenyewe. Wameona nakala ya megabaiti 700 kwenye televisheni iliyobaki na rangi za dukani. Sauti imepita kwenye sabufa iliyofunguliwa besi mpaka mwisho, na juu ya yote hayo mtafsiri anaongea. Ukishatoa vyote hivyo, muvi iliyobaki ni ya kukombeleza.

Chukua Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka Aprili 2025. Kisa kinatokea Clarksdale, Mississippi, mwaka 1932. Mapacha wawili, Smoke na Stack, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanarudi kwao kufungua ukumbi wa muziki, na usiku wa kufungua wanajiwa na wanyonya damu. Zaidi ya nusu ya muvi ni usiku. Mtu anayelalamika kwamba alishindwa kuwatofautisha mapacha ana haki ya kulalamika, ila amemkosea mwelekezaji. Smoke amevalishwa buluu na Stack nyekundu, na ukiziona rangi hizo huwachanganyi hata dakika moja. Kwenye nakala iliyokamuliwa, buluu na nyekundu za gizani zote huwa kahawia.

Hesabu yake ni rahisi. Sinners ina dakika 137. Ukiibana mpaka megabaiti 700, kila dakika imepewa megabaiti 5 tu. Programu inayobana video huanza kuokoa nafasi pale inapodhani jicho halitagundua, yaani kwenye giza na kwenye sehemu zisizo na mistari mingi kama anga, ukuta au moshi. Kivuli kilichotakiwa kufifia polepole kinakatika ngazi ngazi, na uso ulio gizani unakuwa vijisanduku vinavyotetemeka. Kwa muvi ya mchana, ya magari na risasi, megabaiti 700 zinavumilika. Kwa muvi ya usiku, mwambie anayekuwekea kwenye flashi akupe isiyopungua gigabaiti 2, na kama televisheni yako inasoma H.265, njia mpya zaidi ya kubana video, nakala ya gigabaiti 1.5 ya aina hiyo itakutosha. Jaribu kwanza kwa dakika mbili palepale dukani: televisheni ya zamani ikipewa H.265 hutoa sauti bila picha, au huandika tu kwamba faili haisomeki. Kinyume chake, picha safi bila sauti, mara nyingi ni sauti ya aina ya DTS, ambayo televisheni nyingi za bei nafuu hazikuwekewa uwezo wa kuifungua. Televisheni haijafa, na flashi haina virusi. Omba nakala yenye sauti ya AAC au AC3.

Flashi nayo ina kesi yake. Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hata kama yenyewe ni ya 64. Ndiyo maana kijana wa dukani hukuambia "hii haiingii" kisha akakupa ndogo. Ukiifomati exFAT itaingia, ila hakikisha televisheni yako inaijua exFAT kabla hujapanda gari kurudi Nanyamba. Na muvi inayokatika dakika ya 70 kila mara, mahali palepale, ilichomolewa kabla haijamaliza kuhamia.

Sasa mistari myeusi. Sehemu kubwa ya Sinners ilipigwa kwa umbo pana sana, upana ukiwa mara 2.76 ya kimo. Televisheni ya inchi 32 ina kimo cha sentimita 40 hivi. Picha ya umbo hilo inachukua 26, na zinazobaki zinagawanywa weusi juu na chini. Mtu anaona ameibiwa theluthi ya televisheni yake, anachukua rimoti na kubonyeza zumu. Hapo ndipo anapoibiwa kweli, maana pacha mmoja aliyesimama pembeni ya fremu anatolewa nje ya chumba na kubaki sauti. Sehemu nyingine za muvi hiyo zilipigwa kwa kamera za IMAX, na hapo picha hufunguka ikajaa skrini yote. Ukiwa umeshavuta zumu, kufunguka huko hukuoni, na kumewekwa makusudi: picha inapanuka pale jambo linapokuwa kubwa kuliko watu waliomo.

Mandhari ninayoifikiria ni ile ambayo Sammie, mtoto wa mchungaji, anapiga gitaa ukumbini. Muziki wake unapasua pazia, na waliopita na wasiozaliwa bado wanaingia kucheza pamoja: wapiga ngoma wa Afrika, mpiga gitaa la umeme, vijana wa hip hop. Wachambuzi wa Marekani waliandika kurasa nyingi kuwaeleza wasomaji wao kwamba ngoma inaweza kuita mizimu. Kwa mtu wa Newala hilo halihitaji aya hata moja. Anayejua mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, anajua kwamba aliyevaa kinyago si fulani wa nyumba ya pili tena. Ukimwita kwa jina lake umeharibu. Kwa hiyo watazamaji wa kusini walikuwa na nafasi ya kuielewa Sinners haraka kuliko wengi, na inasikitisha kwamba mandhari hiyo hiyo ndiyo inayoharibika vibaya zaidi ikipita kwenye mdomo wa mtafsiri.

Mtafsiri wa muvi simdharau. Watu wa rika la kanda wanamkumbuka Derek Gaspar Mukandala, Lufufu kwa jina la kazi. Kinachofanywa na mtafsiri mzuri ni usimulizi kamili: anampa adui jina la utani, anamwonya stelingi, anaeleza Hong Kong iko wapi, anaweka mzaha pale mwandishi wa muvi alipoishiwa. Muvi ya kareti yenye kisa chembamba hutoka mikononi mwake ikiwa nene zaidi. Tatizo liko kwenye waya. Muvi ikitafsiriwa rasmi, mwenye mali hutoa sauti zikiwa zimetenganishwa: maneno peke yake, muziki na vishindo peke yake. Unatoa maneno ya Kikorea au Kiingereza, unaweka ya Kiswahili, na mvua inaendelea kunyesha nyuma. Mtafsiri wa kibandani hana sauti hizo. Anayo nakala moja iliyokwisha kuchanganywa, kwa hiyo kila akifungua mdomo inabidi ashushe kila kitu: maneno, ngoma, mvua, mlango. Akinyamaza, vyote vinapanda tena. Kwa muvi ya ngumi hilo halina madhara, ngumi inaonekana. Kwa mandhari ambayo kisa chote kimo ndani ya muziki, kushusha muziki ili kueleza kwamba muziki ni mzuri ni kazi bure.

Ushauri wangu kwa watafsiri ni mdogo na hauna gharama. Kwenye programu ya kuhariri, sauti ya asili isishushwe mpaka sifuri. Ishushwe desibeli 10 hadi 12 unapoongea, na ipandishwe taratibu kwa nusu sekunde badala ya kuruka. Mandhari ya wimbo isemewe kabla haijaanza, kisha unyamaze. Watazamaji watafuata, wana macho.

Kuna mahali Kiswahili kinaishinda tafsiri ya Kiingereza bila kutoka jasho, na mfano wangu ni Squid Game, tamthilia ya Kikorea ambayo watu wanacheza michezo ya watoto na anayeshindwa anauawa. Sizoni ya kwanza ya 2021 ina vipindi 9, na cha 6 ndicho cha gololi. Waliokisoma kwa maandishi ya Kiingereza walikosa kitu. Ali, mhamiaji kutoka Pakistani, humwita mchezaji mwenzake Sang-woo kwa neno la Kikorea la kumwita bosi, mpaka Sang-woo mwenyewe anamwambia amwite kaka. Kwenye gololi, huyo "kaka" anamlaghai na kumwacha afe, na Ali anamwita kwa jina hilohilo la kaka akimtafuta. Kwetu sisi, kutoka "bosi" kwenda "kaka" ni hatua ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaihisi. Mtafsiri wa Kiswahili hahitaji kueleza lolote. Atumie tu maneno mawili tofauti na asiyachanganye. Nakala nilizopima kwa sikio zinachanganya: Ali anasema "mzee" mwanzo na "bro" mwisho, na kisu kimekosa makali.

Sizoni ya 3, ya Juni 2025, yenye vipindi 6, nakala safi haiiokoi. Wale matajiri waliovaa vinyago vya dhahabu wanaongea kama wanasoma karatasi, na wamepewa muda mwingi kuliko walivyopewa kwenye ya kwanza. Mtoto mchanga kuingizwa mchezoni ni wazo lenye nguvu kwa kipindi kimoja. Likivutwa zaidi ya hapo unaanza kumwonea huruma mwandishi. Nguvu ya sizoni ya kwanza ilikuwa michezo yenyewe, ambayo sheria zake mtoto anazijua. Kadiri sheria zinavyoongezeka, hofu inapungua, na yeyote aliyewahi kucheza kombolela atakwambia kwa nini.

Sabufa inastahili aya yake. Sebule nyingi za huku zina sabufa, na msimu wa korosho ukilipa zinaongezeka Tandahimba na Newala pamoja na televisheni za inchi 43. Sabufa ilitengenezwa kwa ajili ya singeli na bongofleva, na kwa hizo haina mpinzani. Herufi zinazotufanya tutofautishe "pata" na "kata" ziko juu, kati ya hezi 2,000 na 4,000. Besi iko chini ya 200. Ukifungua besi mpaka mwisho, unafunika maneno kwa mngurumo, kisha unaongeza sauti ili usikie maneno, na mlipuko unaofuata unamwamsha jirani. Rudisha besi robo, ongeza trebo kidogo, usikilize tena. Kama maneno bado yako mbali, nakala yako ina sauti ya spika 6, na maneno yamewekwa kwenye spika ya katikati ambayo huna. Tafuta kwenye menyu ya sauti palipoandikwa Stereo au PCM uchague hapo. Tatizo la "muvi za Wazungu wananong'ona sana" hupungua nusu kwa hatua hiyo moja.

Picha nayo ina ugonjwa wa dukani. Televisheni nyingi hutoka kwenye boksi zikiwa kwenye hali ya Vivid au Dynamic, iliyotengenezwa kushindana na televisheni nyingine 20 chini ya taa kali za duka. Nyumbani, ngozi za watu zinakuwa chungwa na vivuli vinazama. Weka Movie au Cinema. Siku mbili za kwanza utaona kama imepauka. Vumilia, jicho litazoea. Ukiona giza bado limezidi, ongeza taa ya nyuma ya skrini, usiguse kile kingine kiitwacho Brightness, kwa kuwa kwenye televisheni nyingi hicho hugeuza weusi kuwa kijivu na kufichua vijisanduku vyote. Na uzime taa ya sebuleni. Mwanga ukiwa unagonga kioo, hakuna mpangilio utakaokusaidia.

Baada ya hayo yote ndipo tunaweza kuzungumza kuhusu Vuta N'kuvute. Filamu ya Amil Shivji ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilipelekwa na Tanzania kugombea Oscar, ikiwa ya pili baada ya Maangamizi. Haina haja ya mtafsiri: Kiswahili chake ni cha Unguja ya miaka ya 1950, na sikio la Mikindani au Kilwa Kivinje linaking'amua moja kwa moja. Lalamiko la kijiweni ni kwamba inakwenda polepole. Ni kweli, inakwenda polepole, na mara nyingi naitetea: Yasmin ametoroka ndoa asiyoitaka, Denge anawindwa kwa siasa zake, na watu wa namna hiyo hawakimbii barabarani, wanasubiri gizani wasikilize hatua za miguu. Kamera inasubiri nao. Ila kuna sehemu katikati ambapo uzuri wa fremu unakula kisa. Unaona ukuta, unaona taa ya chemli, unaona kitambaa, na mapenzi ya wawili hawa hayasogei. Riwaya ina joto zaidi. Mwajuma, akiigizwa na mwanamuziki Siti Amina, ndiye anayeirudishia filamu damu kila anapoingia, na ningetaka aingie mara nyingi zaidi.

Muvi za Bongo za kawaida zina kosa ambalo usiisingizie televisheni: sauti inarekodiwa na maikrofoni iliyo juu ya kamera, mita tatu kutoka kwa mwigizaji, ndani ya sebule yenye vigae na dari tupu. Maneno yanarudi kama yanasemwa kisimani, halafu mhariri anafunika kwa kinanda. Dawa ni mtu mmoja mwenye fimbo na maikrofoni sentimita 50 juu ya kichwa cha mwigizaji, mablanketi mawili nje ya fremu, feni izimwe, na sekunde 30 za ukimya wa chumba hichohicho zirekodiwe kabla ya kuondoka ili zizibe mapengo wakati wa kuhariri. Hayo ni ya bei ndogo kuliko gari la kukodi linaloonekana mara moja likiingia getini.

Upande wa tamthilia, tafsiri ya waigizaji wengi imeshinda hoja. TBC ilipoonyesha ile ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, mwaka 2011, kila mhusika akiwa na sauti yake ya Kiswahili, watu walifuatilia ugomvi wa mkwe na mavyaa kana kwamba ni wa mtaa wa pili. Tamthilia za Kituruki zilizofuata zimeendelea na njia hiyo. Kasoro yake ninayoisikia hadi leo ni Kiswahili cha maandishi: sultani, mjakazi na mtoto wote wanaongea kwa usanifu uleule. Mvuvi wa Istanbul angeruhusiwa kuongea kama mvuvi.

Magemu yana hukumu zake za haraka pia. "Gemu nzito", "padi mbovu", "mashine inaniibia". Mara nyingi mwizi ni televisheni. Ikiwa kwenye hali ya kawaida, huichakata picha kabla ya kuionyesha, na uchakataji huo unaweza kufika milisekunde 100. Gemu ya mpira inakwenda picha 60 kwa sekunde, kila picha milisekunde 17. Kwa hiyo unabonyeza kupiga na mchezaji anapiga picha 6 baadaye, beki ameshafika. Washa hali ya Game kwenye televisheni, na kwenye banda la kulipia kwa mechi hilo ni suala la haki, maana wateja wamelipa sawa. Mchezaji anayetembea mwenyewe bila kuguswa, hapo ndipo padi ina kosa: kipande cha kaboni chini ya kijiti kimelika au kina vumbi. Spiriti ya asilimia 90 au zaidi, tone moja, zungusha kijiti dakika moja, acha ikauke. Ikirudi ndani ya wiki, badilisha kijiti chote.

Kwa Shangani ya Mtwara na Lindi mjini, adui ni chumvi. Upepo wa bahari unaingia na feni ya PS4 na kukaa kwenye bodi. Newala ni vumbi. Feni ikianza kuvuma kama jenereta, fungua, safisha, na ubadilishe pesti ya prosesa iliyokauka. Iache mashine na nafasi ya sentimita 10 kila upande, usiifunike kitambaa cha kufuma hata kama ni kizuri. Umeme unaopanda na kushuka unadai stabilaiza. Hilo kila fundi wa huku anasema.

Kuhusu mpira wenyewe: tangu kampuni ya EA iachane na jina la FIFA kwenye gemu yake mwaka 2023, ugomvi wa mabanda haujabadilika. Wanaopenda eFootball, gemu ya mpinzani wake Konami, wanasifu uzito wa mpira, na wako sahihi kwenye pasi ndefu. Lakini Konami walipoitoa bure mwaka 2021 walitoa kitu kisichoiva, na banda lililobaki na PES 2021, gemu ya Konami iliyoitangulia, halikukosea. Mpaka leo ndiyo inayochezeka zaidi wawili wakiwa wamekaa kiti kimoja bila intaneti.

Gemu ambayo ningependa izungumzwe vijiweni haizungumzwi kabisa. Tales of Kenzera: ZAU ilitoka Aprili 2024, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji aliyempa sauti Bayek, shujaa wa gemu ya Assassin's Creed Origins. Kijana mganga, Zau, amefiwa na baba, anaingia mkataba na Kalunga, mungu wa mauti: akamate roho tatu kubwa, baba arudi. Salim aliitengeneza baada ya kufiwa na baba yake, na inaonekana. Mazungumzo ya Zau na Kalunga yana ukimya ambao magemu hayana subira nao. Zau ana vinyago viwili, cha jua kwa mapambano ya karibu na cha mwezi kwa ya mbali, na ustadi uko kwenye kuvibadilisha katikati ya ruko. Kwenye nchi ya vinyago, hilo linaeleweka kabla ya maelekezo. Roho zenyewe zimekusanywa Afrika nzima: Impundulu wa kusini, Kikiyaon wa magharibi, GaGorib wa Wakhoikhoi, zikawekwa kwenye dunia moja iliyotokana na hadithi za Kibantu. Mchanganyiko huo unanisumbua kidogo, kama pilau lililotiwa na kisamvu. Sehemu za kukimbizwa nazo zinaudhi: kosa moja unakufa, unaanza upya.

Lakini inaongea Kiswahili. Ukiingia kwenye mipangilio ya lugha, sauti zote zinabadilika, na Kalunga anamhoji kijana juu ya msiba kwa lugha ambayo tunalilia msiba. Haikutolewa kwa PS3 wala PS4, ambazo ndizo zilizojaa mabandani kuanzia Masasi hadi Lindi. Iko kwenye PS5, Xbox mpya, Switch na kompyuta. Mwenye kompyuta ya kuiendesha, atumie hedifoni. Kiswahili chake kimerekodiwa kwa sauti ya chini, na sabufa itakifunika.